Ekseli Niliyoipima Ikiwa Imepinda

Nyamiaga, Alhamisi, saa nane mchana

Mwanangu Konsolata,

Marahaba. Hiyo ni ya shikamoo uliyonipa asubuhi ukipita na ndoo, nami nikaitikia kwa kuguna. Hukunikosea kitu. Nilikuwa nimekaa nikilitazama tela, na maneno yalikuwa yamenijaa kifuani hata marahaba ikakosa pa kupita.

Nakuandikia ukiwa bado hapa hapa nyumbani. Sasa hivi umekwenda na mama yako kuwaaga shangazi zako, na mkirudi nitakupa karatasi hizi mkononi uzisome leo, kabla ya chakula. Utashangaa, mtu anaishi ua mmoja na baba yake halafu anaandikiwa barua. Lakini najijua. Nikianza kwa mdomo nitazungukazunguka, nitakueleza habari za grisi na upepo wa matairi, wewe utasema "sawa baba", na tutaishia hapo kama siku zote.

Mambo ya kula na kulala huko Nyantakara unakokwenda kulima mama yako amekwisha kukupa, tena mara mbili. Ya shamba unayajua kuliko mimi, ndiyo maana nimekuachia. Mimi nataka tuzungumze habari ya ekseli.

Kesho unatoka na trekta na tela tupu. Hali ya tela unaijua: ekseli zinazobeba magurudumu zimekwisha, ya mbele imelika pale beringi inapokaa, ya nyuma imeanza kuinama katikati. Zikiwa hazina mzigo zitajikokota mpaka zifike, ila mahindi ya Nyantakara haziyawezi. Tumekubaliana utabadilisha zote mbili kwenye ile yadi ya vyuma njiani, wanakochinja malori yaliyokufa, na mafundi wa pale wazifunge papo hapo. Na nimekuachia wewe uchague. Jirani zetu wameniuliza, "Mzee, ekseli unamwachia binti?" Nimewajibu kwamba macho yangu yamechoka. Ni kweli yamechoka, lakini sababu siyo hiyo.

Sababu ni kwamba mara ya mwisho mimi kuchagua ekseli nilichagua vibaya, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Jumapili baada ya misa, baba yako mdogo Gervas alikuja hapa akiburuta ule mguu wake. Alikaa, akanywa maji, akalizunguka tela mara moja bila kuligusa. Kisha akakuambia, "Mama, nichukue nikakuchagulie ekseli. Wakishazifunga nitarudi zangu kwa gari la abiria." Anakuita mama kwa sababu una jina la mama yetu. Nawe ukamjibu kwa heshima zote, "Baba mdogo, nakuheshimu, lakini si wewe uliyelipindua? Nikikuchukua si litapinduka tena?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Gervas naye alicheka kidogo, akasema "haya", akaenda.

Tangu hapo sijalala vizuri, mwanangu. Sikulaumu. Uliyoyasema ulifundishwa, na mwalimu wako ni mimi. Ulipokuwa mdogo nilikukataza kupanda chombo chochote anachoendesha baba yako mdogo. Nilisema, "Yule mkono wake mzito." Nilikuwa nikisema hivyo huku najua ukweli, na ukweli wenyewe ni huu.

Ulikuwa na miaka saba. Tela hili lilikuwa na ekseli ya nyuma iliyopinda kwa kubeba mchanga, katikati imebonyea chini, magurudumu yameegemeana kwa juu. Nikaamua kutafuta nyingine. Gervas, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha trekta na kulitunza, akaniambia, "Kaka, ing'oe kwanza. Usiipime ikiwa imefungwa, imepinda hiyo, itakudanganya. Au achana nayo kabisa, pima chasisi, toka springi hadi springi." Alikuwa kijana, hana cheti chochote, na mimi ndiye niliyenunua trekta. Nilimwona ananifundisha mbele ya watu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na chini ya tela kulikuwa na tope. Sikutaka kulala kwenye tope. Nikachukua kamba ya katani, nikapima kwa juu, gurudumu hadi gurudumu, pale pale magurudumu yalipoinamiana, nikafunga fundo. Nikaondoka na kamba yangu mfukoni nikijiona mjanja.

Niliyoiona kwa muuza vyuma ilikuwa ekseli nzuri, nyeusi, imepakwa rangi mpya mpaka inang'aa. Nikaweka kamba, ikalingana. Nilipofika nayo nyumbani na kuifunga, tairi la kulia likawa linasugua springi. Ilikuwa fupi kwa vidole vitatu. Vidole vitatu tu, Konsolata. Ningeweza kuirudisha kesho yake, yule muuzaji alikuwa mtu wa kuelewana naye, angenibadilishia. Nilichotakiwa kufanya ni kumwambia Gervas, "Ulisema kweli, nimepima vibaya." Angenicheka siku mbili, na ya tatu angesahau, maana hana kinyongo yule.

Sikuweza. Mpaka leo nikikumbuka nashindwa kueleza kwa nini sentensi fupi kama ile ilinishinda. Niliing'oa kabla Gervas hajaiona, nikangoja mpaka alipokwenda Biharamulo kwa siku chache, nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Akaikata katikati, akaingiza kipande cha bomba, akachomelea huku na huku, akapaka rangi juu. Alipomaliza alinitazama akasema, "Mzee, hii itakubebea majani ya ng'ombe na maharage. Vitu vizito usiipe." Nikasema nimesikia. Gervas aliporudi akaikuta imefungwa, akaikagua kwa mbali, akasema, "Kumbe ulipima vizuri, kaka." Nikanyamaza, naye akafurahi kwa ajili yangu. Hayo maneno yake yananiuma kuliko mengine yote.

Hapo bado nilikuwa na nafasi. Kila siku alipolitoa tela nilijiambia leo nitamwambia asizidishe mzigo. Nilimwambia kijuujuu tu, "usilijaze sana", bila kusema kwa nini, na mtu asipojua kwa nini hawezi kujua kiasi gani.

Kisha ikaja ile harusi ya Nyakisasa. Jirani yetu alikuwa anamwozea kijana wake, na unajua pombe ya ukweni haiendi kidogo. Wakakodi tela. Wakapakia madumu ya pombe ya ndizi, yakapangwa kwa tabaka, na juu yake mikungu. Mimi nilikuwepo wakati wa kupakia. Niliona springi zinalala. Nilifungua mdomo, kisha mwenye harusi akanipa kiti, akanipa na mrija wa pombe, watu wananiita mzee wa trekta, na mdomo nikaufunga.

Gervas alitangulia peke yake. Mimi nilifuata nyuma kwa pikipiki. Pale barabara inapoanza kuteremka kabla ya kufika kwa wakwe, nililikuta tela limelala ubavu, limevuta trekta mpaka kwenye mfereji, na mdogo wangu yuko chini, tela limemlalia nyonga. Madumu yalikuwa yamepasuka juu yake. Alikuwa ameloa pombe toka kichwani mpaka kwenye viatu.

Watu waliokuja kumnyanyua wakasikia harufu. Unatambua sasa kilichotokea. Hakuna aliyeuliza. Mzee mmoja akasema, "Huyu kaanza kuionja njiani," na kwa sentensi hiyo kesi ikawa imekwisha. Walipomweka kwenye gari alikuwa anarudia jambo moja, "Nilisikia kitu kimekatika kabla halijalala. Kaka, nilisikia kimekatika." Nikamwambia, "Tulia, usiongee."

Lilipoondoka gari nilibaki pale. Nililitazama tela kwa chini. Ekseli ilikuwa imeachia pale pale penye kipande cha bomba, chuma kimefunguka, rangi nyeusi imebanduka. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Nikachukua turubai nikalifunika tela tumbo lote, nikawaambia watu wasilisogelee litawaumiza. Kesho yake nilikwenda alfajiri na spana, nikaing'oa mwenyewe, na lori la kwanza la vyuma chakavu lililopita nikawapa. Wakaondoka nayo, na mimi nikarudi nyumbani kwa wanangu.

Gervas alikaa hospitali miezi kadhaa. Alipotoka, mguu ulikuwa hivi unavyouona. Sokoni wakampa jina, Muonjaji, na unajua hadi leo wapo wanaomwita hivyo na watoto wao wanalijua hilo jina kuliko Gervas. Mtu ambaye toka kipaimara hajaweka pombe mdomoni. Yule binti wa Nyakisasa aliyekuwa anaongea naye, kwao wakasema hawatoi mtoto kwa mlevi. Hakuoa tena. Unapomwona anakula peke yake pale kwake, ujue kisa chake ndicho hicho.

Na mimi? Mimi nikasifiwa. Nilimjengea ile nyumba, nikamkatia sehemu ya kahawa, nikamlipia dawa, na watu kanisani wakawa wananiambia, "Una moyo, kaka. Mwingine angemfukuza." Nilikuwa naitikia kwa kuinamisha kichwa. Wakaniona mnyenyekevu.

Mwanangu, nimechoka. Sitafuti huruma yako, nakueleza tu hali. Kuficha kitu miaka yote hii ni kazi, na haina likizo. Kila mtu akitaja Nyakisasa nilikuwa natega sikio. Kila nikilala kwenye tope kutazama chini ya tela, na siku hizi nalala sana kwenye tope, namwona yeye.

Sasa nirudi kwenye ekseli zako, maana kesho utazihitaji. Wewe ulitaka zile kubwa za malori ya semi, kwa kuwa zinaonekana haziwezi kuvunjika. Nilikubishia kwa ukali, nikakuambia hujui. Hoja yangu ilikuwa sawa ila ukali haukuwa na sababu. Zile ni nzito mno kwa tela kama hili, nusu ya nguvu ya trekta itaishia kuburuta chuma, na habu zake, pale gurudumu linapofungwa, hazichukui rimu ulizonazo. Tafuta zilizotoka kwenye lori la wastani, zote mbili kutoka lori moja, idadi ya bolti za gurudumu iwe moja mbele na nyuma, ili tairi la akiba liingie popote. Uliza kama beringi yake inapatikana Biharamulo mjini, usikubali kuambiwa "itapatikana". Zungusha habu kwa mkono na utege sikio.

Na rangi. Ukiona ekseli imepakwa rangi nzuri kuliko nyingine, chukua kipande cha msumeno uikwangue, hasa katikati. Mwenye yadi akikasirika, hiyo usiinunue. Chuma chenye kutu ya kawaida kinakuonyesha kilivyo. Vipimo usivichukue kwenye ekseli hizi za zamani kabisa, hata ile ya mbele iliyonyooka. Pima tela lenyewe, toka springi hadi springi, kwa futi ya fundi, uandike. Unaona kwamba haya si yangu. Ni ya Gervas, neno kwa neno, aliyoniambia nikiwa na kamba mkononi.

Nilitaka kuishia hapa. Nilitaka kukuambia basi, sasa unajua, mchukue baba yako mdogo akakuchagulie, halafu nikunje karatasi. Lakini nimeisoma tena toka juu na nimeona jinsi nilivyopanga. Nilikuwa nimepanga wewe ujue, uende zako Nyantakara na siri yangu, na yeye abaki hapa na jina lake la sokoni. Ningekuwa nimekupakia mzigo bila kukuambia uzito wake. Naweka kalamu chini, nakwenda kwake.

Saa kumi na moja.

Nimerudi. Naandika haraka, mama yako ameniambia kwa simu mko njiani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Akanisogezea kibao. Nikamwambia yote, kwa mpangilio huu huu niliokuandikia, kamba, tope, fundi, bomba, maneno ya fundi, turubai, lori la vyuma. Yeye hakuacha kumenya. Alimenya mihogo mitatu wakati naongea, nikawa naitazama ile mihogo.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo nilisikia kweli."

Nikasema, "Ulisikia kweli."

Akasema, "Nilikuwa nimeanza kudhani niliota." Kisha akauliza, "Mama alijua?"

Bibi yako unamkumbuka. Zile siku zake za mwisho tulipotaka kumpeleka hospitali, gari lilikuja na Gervas ndiye aliyekuwa ameliazima, yuko kwenye usukani. Bibi alishika mlango akakataa kupanda. Akasema, "Si na huyu." Tukangoja gari jingine zaidi ya saa moja, na Gervas akakaa kando ya njia mpaka likaja. Mimi nilikuwa nimemshika bibi mkono. Ningeweza kumnong'oneza sikioni tu.

Nikamwambia Gervas, "Hapana. Mama hakujua."

Kisu kikasimama. Konsolata, nilikuwa tayari anipige, na nafikiri ningeshukuru. Nilikuwa tayari anifukuze. Alinitazama muda mrefu, mpaka mimi nikainamisha macho, kisha akasema taratibu, "Huyo ndiye niliyekuwa nataka ajue." Akachukua muhogo mwingine.

Nilimwambia Jumapili nitasimama kanisani baada ya matangazo na nitasema. Akasema, "Hiyo ni yako, kaka. Ukisema, sema. Usiseme kwa ajili yangu." Sijui kama amenisamehe. Sikumwomba leo, niliona nitakuwa namdai kitu kingine tena. Nitasimama Jumapili, na wewe hutakuwepo kuniona, jambo ambalo kwa kweli linanipa nafuu. Bado ni mwoga kiasi hicho.

Nilipoinuka kuondoka ndipo akauliza habari zako, "Mama anaondoka saa ngapi?"

Nikasema saa kumi na mbili asubuhi.

Akauliza, "Futi anayo?"

Nikasema ninayo mimi, nitampa. Akasema, "Ya kwako imekatika mwanzoni. Nitakuja na ya kwangu." Halafu akaongeza, bila kunitazama, "Akinikataa tena, nitampa tu hiyo futi nirudi. Nimezoea."

Ndiyo hali ilivyo, mwanangu. Nimekuambia niliyoyafanya na sina la kujitetea. Ukitaka kunichukia kwa muda, chukua muda wako, Nyantakara si mbali na mimi bado nipo. Ila kesho asubuhi namjua atakuja mapema, kabla hujawasha trekta. Hataingia uani. Atasimama kule nje kwenye migomba, na futi yake mkononi, angoje aone uso wako. Mimi sina tena haki ya kumkaribisha.

Mwite wewe.

Baba yako